Kingamwili anazo, mbona kirusi hakitoki?

Msomaji wetu wa Mwanza ameuliza hivi: "Mdogo wangu alikwenda kuchangia damu, baadaye akaitwa na kuambiwa kwamba amekutwa na kingamwili za homa ya ini C. Shemeji yetu, ambaye alisomea baiolojia, akatutuliza akisema mwili ukishatengeneza kingamwili umeshapata kinga. Kipimo cha pili kikaonyesha kwamba virusi bado vimo kwenye damu. Sasa hizo kingamwili zinafanya kazi gani? Na kwa nini homa ya ini B ina chanjo, lakini C haina?"

Ndugu msomaji, shemeji yenu anaijua kanuni, ila ameitumia kwa kirusi ambacho hakiifuati. Mtoto aliyeugua surua akapona hubaki na kingamwili zinazomlinda kwa miaka mingi, na daktari akiziona kwenye damu yake hufurahi. Kwa homa ya ini C, kingamwili zilizoonekana kwenye damu ya mdogo wako zinathibitisha jambo moja tu, kwamba mwili wake uliwahi kukutana na kirusi hicho. Hazisemi kama kirusi kimeondoka au kimebaki, na ndiyo maana akafanyiwa kipimo cha pili, kile kinachotafuta RNA, yaani maandishi ya kurithi, ya kirusi chenyewe. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika kila watu 100 wanaoambukizwa, 30 hivi hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, na 70 hivi hubaki nacho kwa muda mrefu. Karibu wote 100 hutengeneza kingamwili.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kingamwili si za namna moja. Kirusi cha homa ya ini C kina protini za ndani, ambazo hufunika RNA yake au hufanya kazi ya kuizalisha ndani ya seli, na kina protini mbili za nje, E1 na E2, ambazo ndizo kinazotumia kushika seli ya ini na kuingia. Kingamwili inayoshika protini ya nje mahali panapofaa inaweza kukizima kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kingamwili inayoshika protini ya ndani haiwezi kukizuia, kwa sababu kirusi kikiwa kizima ndani ya damu protini hiyo imefichika. Vipimo vya kawaida vya kingamwili, vile vinavyotumika kwenye benki za damu na kwenye zahanati, hutafuta hasa kingamwili dhidi ya hizo protini za ndani, kwa kuwa hazibadilikibadiliki na hivyo kipimo hakimkosi mtu. Kwa hiyo karatasi ya majibu iliyoandikwa "chanya" inahesabu mashahidi na haitaji walinzi hata mmoja.

Hata hivyo walinzi wapo. Wagonjwa wengi wa muda mrefu wana kingamwili nyingi zinazoshika E2, na ukizichukua ukaziweka maabara pamoja na virusi, zinavizima vizuri kabisa. Swali lako, kwa hiyo, linakuwa gumu zaidi kuliko ulivyoliuliza: kwa nini kingamwili zinazoweza kuzima kirusi kwenye chupa ya maabara zishindwe kukiondoa ndani ya mwili wa mwenye kuzitengeneza?

Sehemu ya jibu ni kuchelewa. RNA ya kirusi huonekana kwenye damu wiki moja au mbili tu baada ya maambukizi, ilhali kingamwili kwa kawaida huanza kuonekana baada ya wiki 8 hadi 12, na zile zenye uwezo wa kuzima mara nyingi huchelewa zaidi. Ushahidi mzuri wa uzito wa jambo hili ulitokana na msiba uliotokea Ujerumani Mashariki mwaka 1978 na 1979, ambapo maelfu ya wanawake wenye damu ya Rhesus hasi walidungwa baada ya kujifungua sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya watoto wa mimba zijazo, na shehena kadhaa za dawa hiyo zilikuwa zimechafuliwa na kirusi ambacho wakati huo hakikuwa hata na jina. Kwa mtafiti, msiba ule ulikuwa na sifa isiyopatikana kwa urahisi: wanawake wengi waliambukizwa kirusi kilekile, kutoka chanzo kimoja, na siku ya maambukizi inajulikana. Sampuli za damu zilizohifadhiwa zilipochunguzwa miaka mingi baadaye na matokeo kutolewa mwaka 2007, ilionekana kwamba waliopona wenyewe walikuwa na kingamwili za kuzima mapema, katika miezi ya mwanzo. Waliobaki na ugonjwa hawakuwa nazo wakati huo, au walikuwa nazo kidogo sana. Baadaye walizipata, tena zenye uwezo wa kuzima hata aina nyingine za kirusi, lakini hazikuwasaidia tena kukiondoa.

Kinachotokea katika wiki hizo za kuchelewa ni uzazi wa kasi. Kwa mgonjwa mmoja, kirusi hiki huweza kutoa nakala zipatazo trilioni moja kwa siku. RNA yake ina herufi 9,600 hivi, na kimeng'enya kinachoinakili hakina uwezo wa kurudi nyuma kukagua makosa, hivyo karibu kila nakala hutoka ikiwa na hitilafu ndogo mahali fulani. Nyingi za hitilafu hizo huiua nakala yenyewe au hazina athari. Chache, kwa bahati, hubadilisha sehemu ileile ambayo kingamwili ilikuwa inaishika. Kwa hiyo ndani ya mgonjwa mmoja hakuna kirusi kimoja bali kundi kubwa la ndugu wanaotofautiana kidogo kidogo, na kingamwili mpya inapofika huwafyeka wale inaowatambua na kuwaachia nafasi wale isiowatambua.

Sehemu inayobadilika kuliko zote ni kipande cha asidi amino 27 (vijenzi vya protini) kilichoko mwanzoni mwa E2. Hapo ndipo kingamwili za mwanzo hupapendelea, na hapo ndipo kirusi kinaweza kubadilika bila kujidhuru. Nguvu inayosukuma mabadiliko hayo ni kingamwili zenyewe, na hilo halikubaki dhana tu: kwa mgonjwa ambaye mwili wake hauna uwezo wa kutengeneza kingamwili, kipande hicho kilikaa miaka miwili na zaidi karibu bila kubadilika, ilhali kwa wagonjwa wengine hubadilika kila baada ya miezi michache. Zaidi ya hayo, kipande hicho kimekaa kama kifuniko juu ya mahali ambapo E2 hushikana na CD81, moja ya milango ya seli ya ini. Watafiti walipokikata maabara, virusi vilivyobaki vilizimwa na kingamwili kwa urahisi mkubwa zaidi. Kwa maneno mengine, kirusi kinauonyesha mwili sehemu isiyo na thamani kubwa na kuficha ile isiyobadilishika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika somo hili ni wa mgonjwa wa Kimarekani anayejulikana kwenye maandishi ya kitaalamu kwa herufi H tu. Alipata homa ya ini baada ya kuongezewa damu mwaka 1977, na sampuli za damu yake zikahifadhiwa na watafiti wa taasisi za afya za taifa huko Bethesda kwa miaka 26. Mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wa sampuli hizo yalichapishwa. Watafiti walichukua protini za nje za kirusi kama zilivyokuwa katika vipindi mbalimbali vya ugonjwa wake, wakazipambanisha na majimaji ya damu yake mwenyewe ya vipindi hivyo hivyo. Majimaji ya kila kipindi yalizima vizuri virusi vya miaka iliyotangulia. Virusi vya kipindi kilekile yalikotoka, yalishindwa kuvizima. Mwili wa mtu huyo haukulala hata kidogo. Kwa zaidi ya robo karne ulikuwa ukitengeneza silaha sahihi dhidi ya adui aliyekwisha kuhama.

Mabadiliko siyo ujanja pekee. E2 imefunikwa na minyororo ya sukari katika sehemu zipatazo 11, na kwa kuwa sukari hizo zimebandikwa na seli za mwili wenyewe, kinga huziona kuwa mali ya nyumbani na haizigusi. Kisha kirusi hutoka kwenye ini kikiwa kimeambatana na chembe za mafuta zilezile ambazo ini hutumia kusafirishia lehemu, zikiwa pamoja na protini za mafuta kama ApoE, kiasi kwamba katika damu kinafanana zaidi na chembe ya mafuta kuliko kirusi. Na hata kingamwili ikiweza kuvuka yote hayo, bado kuna njia ambayo haiifikii: kirusi kinaweza kupita kutoka seli moja ya ini hadi jirani yake kupitia mahali seli hizo zinaposhikamana, bila kutoka nje kwenye damu. Kingamwili ni kubwa mno kupenya hapo kwa urahisi. Kwa maoni yangu, njia hii haitajwi vya kutosha katika maelezo wanayopewa wagonjwa, ingawa inaeleza vizuri kwa nini ini lililokwisha kuvamiwa haliwezi kusafishwa na kingamwili peke yake, na kwa nini kazi ya kuziua seli zilizoambukizwa huangukia seli T, kikosi kingine cha kinga.

Nije sasa kwenye homa ya ini B, ambayo mbinu zake ni tofauti kabisa, licha ya kwamba magonjwa haya mawili hutajwa pamoja. Kirusi B ni cha DNA, kidogo mno, chenye herufi 3,200 hivi, na hakina uhuru wa kubadilika kama C. Jeni ya protini yake ya nje imelala yote juu ya jeni nyingine, ile ya kimeng'enya cha kunakili, yaani herufi zilezile husomwa kwa namna mbili ili kutoa protini mbili tofauti. Badiliko linaloisaidia protini ya nje kukwepa kingamwili linaweza kuharibu kimeng'enya, na kirusi kikafa kwa ujanja wake.

Badala ya kubadilika, kirusi B hutumia wingi. Ile HBsAg inayoandikwa kwenye fomu za maabara, ambayo Baruch Blumberg aliigundua katika miaka ya 1960 na baadaye kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, ni protini ya nje ya kirusi, lakini sehemu kubwa yake katika damu haiko kwenye virusi. Seli ya ini iliyoambukizwa humwaga damuni viduara na vijiti vitupu vya protini hiyo, vyenye upana wa nanomita 22, visivyo na DNA ndani, ambavyo haviwezi kumwambukiza mtu yeyote. Idadi yao hupita ya virusi kamili kwa mara 1,000 hadi 100,000. Ni sawa na mtu anayefukuzwa na kuku naye akamwaga mtama njiani: kuku hawajaacha kuwa na njaa wala midomo mikali, ila wana kazi nyingine. Kingamwili dhidi ya HBsAg hutengenezwa hata kwa wagonjwa wa muda mrefu, lakini hunaswa na viduara hivyo, na kipimo cha kawaida hakizioni kwa kuwa hakuna iliyobaki huru. Tena, seli B, ambazo ndizo hutengeneza kingamwili, na seli T zinazokaa miaka mingi ndani ya mafuriko ya protini ileile hatimaye huchoka na kupungukiwa nguvu.

Kirusi hiki hutoa pia protini nyingine, HBeAg, ambayo haijengi sehemu yoyote ya kirusi na hutolewa damuni tu, na inaaminika kuwa kazi yake ni kuizoesha kinga. Ni ndogo kiasi cha kuweza kuvuka kondo la nyuma kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Umri wa kuambukizwa ndio huamua mengi hapa: mtoto mchanga anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki na ugonjwa maisha yake yote, ilhali kwa mtu mzima mwenye afya uwezekano huo uko chini ya asilimia 5.

Hata huyo mtu mzima aliyepona hakukiondoa kirusi chote. Ndani ya kiini cha baadhi ya seli zake za ini hubaki duara la DNA ya kirusi, limetulia, mahali ambapo kingamwili hazifiki kamwe kwa sababu haziingii ndani ya seli. Tunajua kwamba kinga ndiyo inayolishikilia kutokana na yanayotokea hospitalini. Mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu aliyepona homa ya ini B miaka mingi iliyopita anaweza kupewa rituximab, dawa inayoteketeza seli B, na baada ya miezi kirusi kikaamka na kulishambulia ini, wakati mwingine kwa ukali wa kuua. Ndiyo maana kabla ya dawa hiyo mgonjwa hupimwa HBsAg pamoja na kingamwili za protini ya ndani, na akikutwa nazo hulindwa kwa dawa za kuzuia kirusi.

Kuhusu chanjo, sasa utaona kwa nini B ilikubali na C ikakataa. Chanjo ya B hutangulia: kingamwili zinakuwapo kabla kirusi hakijafika, kwa hiyo vinavyokuja ni virusi vichache, bila mafuriko ya viduara. Na kwa kuwa protini yake ya nje haiwezi kubadilika sana, kingamwili zilezile hufanya kazi Mwanza, Muscat na Montreal. Chanjo ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitengenezwa kwa viduara vyenyewe vilivyochujwa kutoka kwenye damu ya wagonjwa na kusafishwa. Kile ambacho kirusi kilikimwaga ili kupoteza kinga ndicho kilichotumika kuifundisha. Tangu mwaka 1986 protini hiyo imekuwa ikitengenezwa ndani ya hamira, na watoto wetu huipata ndani ya sindano ya pentavalenti wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Upenyo upo, lakini ni mwembamba. Mwaka 1990 wanasayansi waliripoti kutoka Italia kisa cha mtoto wa mama mwenye kirusi, ambaye alichanjwa lakini akaambukizwa na kirusi kilichobadilisha asidi amino moja tu ya protini ya nje, ya 145. Kirusi cha namna hiyo kimeonekana kwingine pia, ila hadi leo hakijaweza kuiangusha chanjo, na sababu kubwa ni ule mpangilio wa jeni zilizolaliana.

Kwa C hali ni kinyume. Kuna jenotaipu, yaani aina kuu za kirusi, 8 zinazojulikana, zikiwa na vijitawi vingi, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko zilizomo kati ya aina za virusi vingine vingi vyenye chanjo. Jaribio kubwa la chanjo ya C kwa binadamu lililochapishwa mwaka 2021 liliamua kuziacha kingamwili na kulenga seli T. Ziliamka kweli, lakini waliochanjwa walibaki na ugonjwa wa muda mrefu kwa kiwango kilekile cha wasiochanjwa. Mimi nalisoma tokeo hilo kuwa chanjo itakayofaulu italazimika kuamsha vyote viwili, yaani seli T pamoja na kingamwili zinazoshika zile sehemu chache za E2 ambazo kirusi hakiwezi kuzibadilisha bila kupoteza uwezo wa kuingia kwenye seli. Sehemu hizo zinajulikana. Kazi ngumu iliyobaki ni kuufanya mwili uzitazame hizo na kuacha kifuniko.

Nikiguse kwa ufupi kirusi A na E, maana wapo watakaouliza. Mwaka 2013 iligundulika kwamba kirusi A, ambacho kwa miaka yote kilidhaniwa kuwa uchi, hutembea ndani ya damu kikiwa kimejifunika utando ulioibwa kutoka kwenye seli ya mgonjwa, na kuuvua utando huo kwenye nyongo kabla ya kutoka na choo. Kirusi E hufanya vivyo hivyo, na tena humwaga damuni protini yake ya nje ikiwa peke yake, jambo linalokumbusha B. Pamoja na ujanja huo, vyote viwili kwa kawaida hushindwa na kinga ndani ya wiki kadhaa. Kukwepa kingamwili, kwa hiyo, hakumfanyi mtu awe mgonjwa wa kudumu. Kinachohitajika ni kuzikwepa na seli T vilevile, kwa muda mrefu.

Kwa mdogo wako: kwa kuwa RNA imeonekana, ana ugonjwa unaotibika. Dawa za sasa, vidonge vya wiki 8 hadi 12, haziitegemei kingamwili hata kidogo. Huvizuia vimeng'enya vya kirusi ndani ya seli, na kwa ujumla huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Katika ukanda wetu na Maziwa Makuu jenotaipu 4 ni ya kawaida, na baadhi ya vijitawi vyake, kama vile 4r iliyochunguzwa Rwanda, havikuitikia vizuri mchanganyiko mmojawapo wa dawa za awali, hivyo ni vyema daktari achague mchanganyiko unaofaa jenotaipu zote. Kabla ya kuanza apimwe HBsAg, kwa sababu C ikiondoka B iliyojificha inaweza kuamka. Apimwe RNA tena wiki 12 baada ya kumaliza vidonge. Kipimo cha kingamwili asikirudie, kwani kitaendelea kusoma chanya kwa miaka mingi hata akiwa amepona kabisa, na benki ya damu itaendelea kumkataa kwa sababu hiyohiyo. Na akikutana na kirusi hicho tena, kwa sindano au wembe wenye damu ya mtu mwingine, anaweza kuambukizwa upya, kingamwili zake zote zikiwapo.